Halfani Alifanya Kilichoandikwa

Usiseme hukuliona. Bomba lilipopasuka Oktoba iliyopita pale kwenye mteremko chini ya Newala, maji yaliruka juu kupita mikorosho, na magari ya kwenda Masasi yakasimama watu watazame. Nawe ulikuwemo. Ulisema "ee, jamani," ukafunga dirisha usilowe, safari ikaendelea.

Siku chache baadaye ulipita tena. Ukawaona akina mama ukingoni mwa barabara, ndoo kichwani, wanateremka bondeni kama walivyoteremka bibi zao. Ukageuza uso upande wa pili. Kisha ukasikia kuna aliyeanguka. Ukauliza ni wa nani. Ulipoambiwa si wa kwenu, ukaendelea kumenya chungwa lako.

Basi leo kaa hapo usome.

Turudi wiki mbili nyuma: saa mbili asubuhi, ukungu wa Juni bado umelala bondeni. Ndani ya kituo cha pampu, mwanamke aliyejitanda kitenge juu ya sweta amekalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi magotini, penseli nyuma ya sikio. Anaitwa Veridiana Nikolao, lakini hapa kila mtu anamwita Mama Dorika. Mbele yake, kwenye kompyuta, ameketi Adija, binti wa Newala anayeendesha pampu tangu mwaka huu uanze. Swichi kuu ya pampu imezimwa. Ni siku ya majaribio, hakuna maji yatakayopanda.

"Nasoma," anasema Veridiana. "Wewe fanya ninachosoma, usifanye unachojua."

"Na kama ninachojua ni sahihi, Mama Dorika?"

"Kikae hukohuko kichwani. Sikupimi wewe. Napima sentensi."

Anasoma: "Tuma ujumbe wa kuwasha pampu. Subiri jibu."

Adija anabonyeza. Kioo kinaandika neno moja: imetumwa. Adija anainuka, anachukua kikombe chake cha chai, anaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Si nimejibiwa? Imetumwa."

Veridiana anachomoa penseli, anaifuta sentensi yote. "Umeona? Karatasi imekudanganya mchana kweupe, na mimi nimekaa hapa naiangalia. Rudi. Tunaanza upya."

"Nyie watu wa Masasi mna maji ya kuchezea, ndiyo maana mna muda wa kufuta," anatania Adija, akirudi kitini.

"Na nyie wa juu mngekuwa na muda wa kusoma, mngekuwa na maji," anajibiwa.

Wote wawili wanacheka. Kicheko hakikai. Kiti anachokalia Adija kilikuwa cha mtu mwingine.

Kazi ya Veridiana haina jina katika ofisi ya kampuni. Kwenye daftari la mishahara ameandikwa karani wa kibarua, analipwa kwa siku, kupiga chapa barua na bili za maji. Alizaliwa Nanganga, upande wa Masasi, akafundishwa kupiga chapa na masista, akahamia Newala alipoolewa. Lakini anachokifanya tangu Oktoba ni kitu kingine: anaurekebisha mwongozo wa programu inayoziwezesha mashine za maji kuelewana.

Na lazima tuelewane hapa, maana ndipo wenye mali wanapotupotezea. Wakiona tumeanza kuelewa, wanasema "hayo ni mambo ya kompyuta," nasi tunanyamaza.

Ndani ya kompyuta ile moja mna programu tatu. Ya kwanza inasoma kimo cha maji kwenye tangi kuu kule juu. Ya pili inawasha na kuzima pampu. Ya tatu inafungua koki za kupeleka maji mitaani. Hizi tatu hazionani wala hazisikilizani. Kila moja imejifungia chumbani kwake. Kwa hiyo ipo ya nne, ambayo kazi yake ni kubeba tu: inachukua ujumbe wa huyu na kumpelekea yule. Mafundi wameibatiza Tarishi, kama yule wa ofisini anayezunguka na mafaili.

Tarishi wa zamani alikuwa na tabia zake. Ukimpa ujumbe, anakwenda, anasimama mlangoni mpaka ajibiwe, anakuletea jibu. Ukimpa ujumbe uleule mara ya pili kabla hajajibiwa, anautupa, anajua ni papara yako. Ndiyo maana karatasi iliyobandikwa ukutani, iliyopigwa plastiki isilowe, ilisema: "Usipojibiwa, rudia ujumbe." Kwa Tarishi yule, kurudia hakukuwa na madhara.

Septemba iliyopita kampuni iliagiza toleo jipya kutoka Dar es Salaam. Fundi akaja na sidii, akaliweka, akaondoka na gari la jioni. Tarishi mpya hasimami mlangoni. Anaweka barua mezani, anarudi hapohapo na kukuambia "imetumwa." Na hatupi kitu. Ukimpa barua tatu ataweka tatu, na mwenye chumba akiamka atazisoma zote tatu, na zote tatu atazitekeleza.

Tarishi alibadilishwa. Karatasi ya ukutani haikuguswa.

Halfani, ambaye majirani humwita Baba Kulwa, aliendesha pampu hizo tangu zikiwa za dizeli na za serikali. Leo humkuti kituoni. Unamkuta katika mashamba ya watu, kitambaa puani, mashine mgongoni, anapuliza salfa kwenye mikorosho isiyo yake. Macho yake mekundu, nyusi zake za njano kwa vumbi. Anazima mashine kwanza ndipo anaongea.

"Asubuhi ile programu ya pampu ilikuwa imeganda," anasema. "Nikatuma: washa. Kimya, isipokuwa hilo neno lao, imetumwa. Nikatazama karatasi. Karatasi inasema usipojibiwa, rudia. Nikarudia. Kimya. Nikarudia tena ya tatu. Nikaacha."

Kwa nini aliacha kwenye ya tatu, karatasi ikiwa haikusema mara ngapi?

Anashangaa kuulizwa. "Hodi unapiga ngapi kwenu? Tatu. Usipoitikiwa, mwenyewe hayupo, unaondoka. Hodi ya nne ni ya askari."

Akatoka kwenda kupiga simu ya upepo ofisini. Huku nyuma programu ya pampu ikazinduka, ikakuta barua tatu mezani, kila moja imeandikwa: washa pampu iliyo tayari. Ikawasha ya kwanza. Ikawasha ya pili. Ikawasha na ya tatu, ile ya akiba, ambayo haikuwahi kufanya kazi pamoja na wenzake tangu ilipofungwa. Pampu tatu zikasukuma maji katika bomba la pampu mbili. Halfani alisikia mlio akiwa bado ameshika simu.

Bomba lilikatika kwenye kiungo cha mteremko. Matengenezo yalichukua wiki tatu, Oktoba, jua limekausha kila kisima cha mvua. Ndoo moja mjini ikauzwa shilingi mia tano. Asiye na mia tano akateremka bondeni kwenye chemchemi.

Furaha aliteremka. Alikuwa mama wa watoto wawili, mtoto wa Mwanaisha, ambaye ni dada mkubwa wa Halfani. Alipokuwa akipanda na ndoo, udongo wa njia ukamponyoka chini ya mguu. Walimbeba kwa machela ya kanga na miti. Hakufika hospitali.

Huku kwetu unajua mjomba ni nani. Mtoto wa dada ni mzigo wako kabla ya mtoto wako mwenyewe. Akiposwa unaulizwa wewe. Akifa unaulizwa wewe azikwe lini.

"Sikuulizwa," anasema Halfani. "Nilikwenda, nikakaa nyuma na wageni."

Maana kabla ya maziko kampuni ilikuwa imeshaleta barua. Ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa kipaza sauti, na barua ilisema chanzo cha ajali ni uzembe wa mwendeshaji, na ameachishwa kazi. Watu walisikia. Mwanaisha alikuwa mstari wa mbele.

"Dada yangu hajanitukana," anaendelea Halfani. "Afadhali angenitukana. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba. Basi, imeishia hapo. Zamani marahaba yake ilikuwa na maneno mpaka chai inapoa."

Anawasha mashine, anarudi kwenye mikorosho.

Wapo tunaokumbuka. Mtaro wa bomba lile haukuchimbwa na kampuni. Ulichimbwa kwa majembe ya watu wa huku juu uwandani, kila kaya na kipande chake, na asiyefika alitozwa kuku. Siku hizo kituo kilikuwa na ubao mweusi, mpana kama mlango, na fundi mwenye chaki. Mashine ikibadilishwa kitu, anafuta, anaandika upya, anawaita waendeshaji wasome mbele yake. Hakukuwa na ujanja wowote, ni chaki tu na mtu ambaye ni kazi yake.

Likaja soko huria. Tukaambiwa mali ya wote haina mwenyewe, sasa kila kitu kitapata mwenyewe. Ghala la korosho likapata mwenyewe. Mizani ikapata mwenyewe, na tunajua ilivyotupima. Pampu zikapata mwenyewe, mita zikapata mwenyewe, hata uzio ukapata mwenyewe. Sentensi ya ukutani haikupata mwenyewe. Haiuzwi, haitozwi, nani aitake? Ubao ukatolewa nje siku kampuni ilipoingia. Mama lishe wa stendi akauchukua. Leo anasukumia chapati juu yake.

Christopher, meneja wa kampuni, ni mtu wa sauti ya chini. Anakaribisha soda.

"Mwongozo upo," anasema. "Uko kabatini."

Ni wa toleo lipi?

"Mwongozo ni mwongozo."

Na nani anayepaswa kuurekebisha programu zinapobadilishwa?

"Mkataba wetu unasema tutunze pampu, mabomba, matangi na mita. Nimeusoma mara nyingi. Karatasi haimo." Anafungua soda ya pili. "Mimi si mtu mbaya. Kama karani anataka kuandika kwa wakati wake, sijamzuia."

Kweli hakumzuia. Hakumlipa pia.

Veridiana alianza na karatasi iliyokuja na ile sidii, ukurasa mmoja wa Kiingereza unaotaja kilichobadilika. Haikufichwa. Ilikuwa kwenye faili, juu kabisa, na kila aliyefungua faili aliipita akitafuta risiti. Aliisoma kwa kamusi, na pale kamusi ilipomshinda alimpigia fundi aliyeliweka toleo jipya. Fundi alimsaidia kwa moyo wote. "Aliniambia, 'Mama, nilidhani kuna mtu wenu wa kuandika,'" anasema Veridiana. "Nasi tulidhani yupo wa kwao."

Kisha akafanya jambo ambalo walioandika toleo hawakulifanya: alizunguka vituo, Newala mpaka Tandahimba, akawakalisha waendeshaji mmoja mmoja mbele ya kioo, pampu zimezimwa, akawapa ile sentensi ya zamani. Usipojibiwa, rudia. Hakusema zaidi.

Wote walirudia mara tatu, Mwislamu na Mkristo, kijana na mzee, kisha wakasimama wakamwangalia.

"Hakuna aliyefundishwa," anasema. "Ndivyo tulivyolelewa. Sasa mtu wa mbali anaandika 'rudia' kama vile msomaji wake hana kwao, hakulelewa na mtu. Mimi siwezi kuibadilisha hodi ya watu wa Makonde. Naweza kubadilisha sentensi."

Ukurasa wake mpya una kichwa cha habari kimoja tu: Hodi. Chini yake ameandika hivi: "Tarishi hapigi hodi. Ukituma mara moja imetosha. 'Imetumwa' maana yake barua iko mezani. Haina maana kwamba imesomwa. Kabla ya kutuma tena, fungua orodha ya barua zinazosubiri. Ukiikuta yako, usitume nyingine. Piga simu ofisini, na usiache kiti."

Sentensi ya mwisho iliongezwa na Adija. "Kiti kikiwa tupu, hakuna wa kuzima," alisema, na Veridiana akaiandika kama ilivyo.

Lakini ukurasa ulikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa, mahali ambapo mwongozo wowote unaojiheshimu hueleza kilichorekebishwa na sababu yake. Juu ya mstari huo ndipo vita vilipo.

Toleo jingine la Tarishi linawekwa Jumatatu ijayo. Limeshafika, liko kwenye droo ya meneja. Tabia za Tarishi zimebadilika tena kidogo, na Veridiana ameshazijaribu na kuziandika. Ukurasa wake usipokuwa ukutani siku hiyo, Adija atasoma ile ya plastiki. Atafanya kilichoandikwa. Na kiangazi ndicho hiki kinaanza.

Wiki iliyopita alimpelekea meneja ukurasa huo atie sahihi. Meneja aliusoma, akausifu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Huu utoe."

"Huo ndio sababu ya mengine yote, bosi."

"Huu ni ushahidi. Utoe, nasaini leo. Usipoutoa, ukurasa unasubiri makao makuu, na makao makuu wana mambo mengi."

Veridiana alikunja karatasi, akapanda baiskeli, akamfuata Halfani shambani. Alimsimulia amesimama, mkono kwenye usukani.

"Shikamoo, Baba Kulwa. Nimekuja kukuuliza jambo ambalo si haki kukuuliza."

"Marahaba. Uliza."

Alipomaliza, Halfani alivua kitambaa puani, akakikung'uta. "Adija ana mtoto?"

"Anaye. Ananyonya."

"Basi toa. Mimi lililonipata limeshanipata. Bandika karatasi."

"Na dada yako?"

Halfani alikikunja kitambaa mara mbili. "Dada yangu hasomi kuta za kampuni," alisema. "Toa mstari."

Ukurasa umesainiwa. Juzi asubuhi Veridiana aling'oa karatasi ya plastiki kwa kisu cha jikoni, akabandika mpya mahali pake, Adija akishika pembe. Chini ya maneno, ukurasa una nafasi nyeupe ya viganja viwili. Meneja alipokuja kukagua aliuliza nafasi ile ni ya nini.

"Karatasi zote zina ukingo, bosi," alijibu.

Alipoulizwa kama haogopi haya kuandikwa gazetini, Veridiana alicheka bila furaha. "Mimi kibarua wa siku kwa siku. Watanifukuza vipi? Kila jioni wananifukuza. Andika."

Hataki mengi. Anataka ubao ule mweusi urudi kituoni, na ameshamwambia mama lishe atamtafutia meza nyingine. Anataka kila toleo likija, mtu alipwe kukaa na waendeshaji kabla swichi haijawashwa. Na anataka mtu wa kwanza kusomewa sentensi mpya awe Halfani. "Yeye ndiye mpimaji bora," anasema. "Anafanya kilichoandikwa. Ndicho walichomfukuzia."

Sasa zamu yako, uliyefunga dirisha.

Mstari uliotolewa ni huu hapa, kama Veridiana alivyouandika. Haujaongezwa neno:

"Ukurasa huu umerekebishwa kwa sababu wa zamani ulikuwa na kosa. Oktoba, mwendeshaji Halfani aliufuata kama ulivyo, bomba likapasuka. Kosa halikuwa lake."

Chukua mkasi, ukate hapo. Fanya leo, kabla gazeti hili halijafungiwa karanga. Koroga unga wa muhogo na maji ya moto, unashika kuliko gundi ya dukani. Kituo cha pampu kinafunguliwa saa moja, na hairuhusiwi mteja wa maji kuzuiwa mlangoni. Risiti yako ndiyo ruhusa. Nafasi nyeupe utaiona. Bandika. Wakibandua, mwenzako anao wa kwake.

Kisha mwende kwa mwenyekiti wa kijiji mumtake atoe kipaza sauti kilekile kilichosoma barua ya kampuni, auite mkutano uleule, asome mstari huu mara moja, polepole, Mwanaisha akiwa mbele.

Toleo jipya linawekwa Jumatatu. Mkasi uko wapi?